Jina Ambalo Bibi Minza Hakulitaja

Watoto wa klabu ya historia, mlinitumia ujumbe kwenye simu mkaniomba "dondoo chache za kuhoji wazee". Dondoo. Nimetembea na wanafunzi vijijini karibu miaka yote niliyofundisha, tangu enzi za redio kaseti tuliyoifunga kwa kamba kwenye baiskeli, mpaka nyinyi mnaorekodi kwa simu huku mnachati, halafu mnataka dondoo. Haya, nitawapa. Lakini mtazipata kwa mtindo wangu. Nimekaa barazani kwangu hapa Somanda, bodaboda zinanipigia honi masikioni, na kitu kikinijia nakisema hata kama zamu yake bado. Anayeona ni marefu aruke, atajua mwenyewe alichokosa.

Kazi hii nilifundishwa na marehemu Mwalimu Njile, aliyekuwa mkuu wa idara yangu nilipoanza. Mtu mfupi, mkimya, suruali yake ina mstari wa pasi hata tukienda Meatu kwenye vumbi. Siku ya kwanza tumefika kwa mzee mmoja, mimi huyo natoa karatasi ya maswali kabla hata sijapewa kiti. Njile akanishika mkono, akaninong'oneza, "Rudisha hiyo. Mzee bado hajajua kama umekuja kumhoji au kumhesabia ng'ombe." Nikarudisha. Tukakaa. Tukaamkiana kwa Kisukuma, mwangaluka, kwa utulivu, tukaulizana habari za mvua, za ng'ombe, za watoto, halafu za ng'ombe tena. Nilitamani kulia kwa kuchoka. Mwishowe mzee mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Sasa huyu binti na karatasi yake alitaka nini?" Siku hiyo tulipata mambo ambayo kwa haraka zangu nisingeyapata kamwe.

Njile alikuwa na neno lake moja, nanyi mlishike. Ukishauliza swali, nyamaza kwa muda wa ng'ombe ishirini kutoka zizini. Si wawili. Mzee akinyamaza haina maana amesahau. Anaweza kuwa anapima akwambie kipi, au anatafuta njia ya kukwambia. Ukimrukia na swali la pili, la kwanza limekufa.

Na msimuulize mtu mzima amezaliwa mwaka gani. Atakutajia ule wa kwenye kitambulisho, na ule alipewa na karani aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Muulize alipoanza kuchunga ndama nani alikuwa anaishi pale ng'ambo ya mto. Muulize alipoolewa, pamba ilikuwa inavunwa au inapaliliwa. Kwa wenzetu wa Lamadi na Nassa muulize siku hizo walikuwa wanavua kwa nyavu za namna gani. Hapo utapata mwaka bila kuutaja, na yeye atafurahi kwamba hukumfanyia mtihani.

Nassa ndiko nilikozaliwa, kwa hiyo nilijiona mjuzi wa huko. Nikaenda kumhoji mvuvi mmoja mstaafu, rafiki wa baba yangu. Akanisimulia tangu asubuhi mpaka chai ikapoa mara mbili: alivyopotelea ziwani, alivyokutana na kiboko, alivyomposa mke wake kwa sangara. Nilipofika nyumbani nikasikiliza kaseti, kimya. Nilikuwa nimebonyeza kitufe cha kucheza, cha kurekodi sikukigusa. Kesho yake nikarudi kwa aibu, nikamwomba anisimulie tena. Akasema sawa, akakohoa, akaanza hadithi nyingine kabisa, hakuna kiboko wala sangara. Nikamwambia, baba, mbona siyo ile ya jana? Akanijibu, "Ile ya jana si ulishaisikia?"

Basi jaribuni vyombo vyenu kabla hamjatoka nyumbani. Sitarudia.

Kaseti zilitupa shida nyingine ambayo nyinyi hamuijui vizuri, kelele. Kale kaseti kalikuwa kanadaka kila kitu, jogoo, mbuzi, upepo, mtoto analia, jirani anapita anauliza "hawa nao ni akina nani". Wanafunzi wakikaa kuandika waliyosikia, daftari linajaa takataka. Nimewahi kusoma ukurasa mzima wa mabishano ya watu wawili juu ya sufuria, wakati mzee aliyehojiwa ametokea mara mbili tu. Ndipo nikatunga sheria yangu. Nikaiandika ubaoni kwa chaki ya rangi: ANDIKA MANENO YA MZEE TU. Kuku, watoto na wapita njia, ruka. Niliipenda sana sheria hiyo. Nilitembea nayo kifua mbele miaka mingi, na walimu wengine wakaiiga.

Sheria hiyo ndiyo iliyonifanya nikubali kuwaandikia. Tulieni.

Nilikuwa nimeshastaafu, nimeshazoea kuamka bila kengele, asubuhi moja akabisha hodi mwanamke wa makamo, mgongoni ana mtoto wa kike wa kama miaka minne amelala. Ameshuka kwenye bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Shikamoo mwalimu." Nikaitikia, nikamkaribisha kiti, nikamwambia anywe maji kwanza. Maji hakuyagusa. Akatoa kwenye kanga kijitabu cheupe, kimechakaa pembe, na mimi nikafurahi kwa sababu nilikitambua. Kilikuwa chetu. Tulikitengeneza na darasa langu moja, historia ya kijiji chao upande wa Bukundi, tukachapa, tukatoa nakala, moja tukaiacha ofisi ya kijiji kwa heshima zote.

"Mwalimu," akasema, "naitwa Kabula. Kijitabu chenu kinamtoa bibi yangu shambani."

Nikamwomba aseme polepole. Pale kijijini kuna lambo la kunyweshea mifugo, la zamani sana. Sasa lilikuwa linapanuliwa, na waliokuwa kandokando yake walitakiwa kuhama. Kijiji kikakubaliana jambo moja la kiungwana, kwamba ukoo wa mtu aliyelichimba ubaki pale penye majaruba ya mpunga chini ya ukingo, wawe waangalizi wa maji. Bibi yake Kabula, Bibi Minza, ameishi na kulima hapo tangu alipoolewa. Kila mtu alidhani ni yeye atabaki. Ndipo mtu mmoja akaleta kijitabu. Kimeandikwa hivi: lambo hili lilichimbwa na Mzee Sayi. Na chini yake, kwa herufi nzuri kabisa, msimulizi ni Bibi Minza mwenyewe.

"Aliyelichimba ni mzee wetu," Kabula akasema. "Baba mkwe wa bibi. Bibi amesema hivyo mbele ya mkutano, kwamba ni mkwe wake. Wakamwambia, bibi, mbona hapa ulisema Sayi? Uzee unakuchanganya, au ni utamu wa shamba? Akanyamaza mpaka leo. Baba zangu walishahamia kusini na ng'ombe, wazee wa rika lake wamekufa. Mimi nikisema, wanasema natetea majaruba."

Nikajitetea, ndiyo mjue mwalimu wenu naye ni mtu. Nikamwambia wanafunzi wangu waliandika walichosikia. Kabula akanitazama usoni. "Mwalimu, mimi nilikuwepo. Nilikuwa mdogo. Jina mlitajiwa, mimi ndiye niliyelitaja. Halafu wewe ukanifukuza."

Sikukumbuka kumfukuza mtoto yeyote. Lakini kijitabu nilimwomba aniachie. Nikamuuliza, siku zilizobaki ni ngapi? Akasema mkutano wa mwisho ni Jumatano. Siku ile ilikuwa Ijumaa.

Nikaenda kwanza kwa Shija. Shija ndiye aliyeandika ule ukurasa akiwa mwanafunzi wangu, leo ana duka hapa hapa Somanda, anauza sukari na vocha, ana kitambi. Nikamwekea kijitabu juu ya mizani yake, nikamuuliza jina la Sayi alilitoa wapi. Akasoma, akakuna kichwa, akacheka kidogo, kisha akaona uso wangu akaacha. "Mwalimu, bibi alikuwa anasema 'mwenyewe, mwenyewe'. Wewe ukauliza mwenyewe ni nani. Kwenye kaseti pale hapakuwa na jibu la bibi, sauti ya mtoto tu. Wewe ulisema watoto turuke. Nikabaki na pengo, na jina lililokuwepo lilikuwa la Sayi peke yake. Nikalijaza." Akaniangalia tena. "Uliniwekea vema nyekundu. Uliandika 'Vizuri sana'."

Hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli, na sababu nyinyi watoto wa mjini huenda msiielewe, kwa hiyo nawaambia waziwazi. Wanawake wa umri wa Bibi Minza hawatamki jina la baba mkwe. Ni heshima. Hata akiwa amekufa zamani, hata ukimsihi, hulitoi mdomoni. Na mimi siyo mgeni wa jambo hilo. Mimi mwenyewe ni mke wa mtu, na mpaka leo nikienda ofisini, karani akiuliza jina la baba wa mume wangu, nampa kitambulisho cha mume wangu alisome mwenyewe. Jambo ninalolifanya mimi kila nikijaza fomu, nilishindwa kulitambua kwa mama mwingine, kwa sababu siku ile nilikuwa mwalimu mwenye kaseti.

Kaseti zangu nilizihifadhi kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nikazimwaga sakafuni. Kila moja niliiandikia karatasi, nashukuru kwa hilo, na nyinyi andikeni majina kwenye mafaili yenu badala ya kuacha "sauti 001". Nikaipata: Bukundi, Bibi M. Lakini nyuma ya karatasi yangu kulikuwa na mwandiko mwingine wa kalamu ya kijani, wa mwanangu wa kwanza alipokuwa kijana: "Ngoma kali." Alikuwa na tabia ya kuchukua kaseti zangu na kurekodia nyimbo za redioni. Nikampigia simu mwanangu kumgombeza kosa la utotoni mwake, naye ana watoto watatu. Akasema, "Mama, pole, lakini kwani nilikuwa na kaseti nyingine?"

Redio yangu ilikufa siku nyingi. Jumamosi nikaipeleka kaseti kwa fundi mmoja nyuma ya soko, mzee mwenzangu. Akaishika kwa vidole viwili, akaniuliza kama nimeitoa makumbusho. Utepe ulikuwa umekunjamana na umekatika mahali pamoja. Akaufungua kwa bisibisi ndogo, akaunga kwa kipande cha selotepu, akauzungusha kwa kalamu ya risasi taratibu kama mtu anayesokota uzi. Akaiweka kwenye redio yake ya kazi. Ikaanza ngoma. Ngoma ile ikapiga, ikapiga, mtangazaji akasema maneno, ikapiga nyingine. Fundi akawa anatikisa kichwa kwa raha. Mimi nilikuwa nimeshika meza.

Halafu ngoma ikakatika katikati, na kuku akalia. Sijawahi kumpenda kuku namna ile.

Nikaisikia sauti yangu, changa, kali, ya mtu mwenye haraka ya kuwahi gari. "Sasa bibi, lambo hili alichimba nani?"

Na Bibi Minza, kwa Kisukuma cha taratibu: "Mwenyewe. Sayi alitoa majembe, mwenyewe akachimba na watu wake, viangazi viwili."

"Mwenyewe ni nani?"

Kimya. Kuku. Nilihesabu pale kwa fundi, ng'ombe watatu, wanne. Kisha bibi, kwa sauti ya kuita pembeni: "Kabula, njoo. Mtajie mwalimu guku, babu yenu wa zamani, anaitwa nani." Nyayo ndogo zikaja mbio. Sauti ya mtoto, karibu kabisa na kaseti, imejaa fahari: "Maduhu! Guku Maduhu, alichimba lambo!"

Na mimi, palepale, kabla hajamaliza: "Huyu mtoto atoke hapo, anaharibu kaseti. Bibi, tuendelee. Mlikuwa mnalima nini?"

Fundi akazima redio mwenyewe. Akaniuliza, "Mwalimu, unalia au unacheka?" Nikamwambia vyote viwili, na airudie tena nirekodi kwenye simu kabla utepe haujabadili mawazo.

Jumatano nikaenda Bukundi. Mwenzenu Limi, mwenyekiti wenu, alinisindikiza kunishikia simu na spika ndogo, mnaweza kumuuliza. Mkutano ulikuwa kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Bibi Minza alipewa kiti cha mwalimu. Amekuwa mdogo sana, lakini macho yake ni yaleyale. Upande wa pili alikaa Masunga, mjukuu wa Sayi, yule aliyeleta kijitabu, mtu mpole ambaye nilikuwa nimejiandaa kumchukia.

Nilisimama nikasema kosa ni langu, wala si la wanafunzi wala la bibi. Nikaeleza sheria yangu ya ubaoni. Kisha Limi akacheza ile sauti. Kusikiliza ukiwa peke yako na fundi ni jambo moja. Kusikiliza mbele ya kijiji kizima namna ulivyomfukuza mtoto aliyekuletea jibu ni jambo lingine, msiombe liwapate. Jina la Maduhu lilipotoka kwenye spika, Bibi Minza alijifunika uso kwa kanga, heshima ileile, ingawa hakulitamka yeye. Nyuma ya kanga mabega yalikuwa yanatikisika, na Kabula akasema bibi anacheka.

Wazee wakaomba irudiwe. Ikarudiwa. Mama mmoja nyuma akasema wazi kwamba huyo mtoto hakuwa na shamba la kutetea siku hiyo, alikuwa hata meno hayajakamilika. Watu wakaguna kukubali.

Masunga akasimama. "Mimi niseme ukweli," akasema. "Nyumbani kwetu hatukuwahi kusikia kwamba babu alichimba lambo. Tulijua alitoa majembe. Tuliposoma kwenye kijitabu tukashangaa wenyewe. Lakini tukasema, waliosoma ndio wanaojua." Akaniangalia bila hasira. "Basi babu yangu abaki na majembe yake, yanamtosha."

Nikaomba kile kijitabu cha ofisi. Nikafuta kwa kalamu, mbele ya watu, nikaandika Maduhu, na pembeni nikaandika kwamba Sayi alitoa majembe, nikatia sahihi. Mwenyekiti wa kijiji akatangaza Bibi Minza habanduki. Nikakaa kwenye dawati la darasa la pili, na kutoka hapo ilibidi Limi anivute.

Tulipelekwa nyumbani kwa bibi, pale ukingoni. Majaruba yalikuwa na maji, mpunga mdogo umeshika. Bibi akaagiza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, akanikalisha karibu yake, akanishika kiganja. Hakuniambia pole wala hakunilaumu. Alisema tu, "Mwalimu, mimi nilikujibu siku ile ile."

"Ulinijibu, mayu, mama yangu," nikamwambia. "Mimi ndiye sikungoja."

Akasema wabeja, asante kwa kurudi, na kwamba sasa kama bado nataka historia ya kijiji, yeye ana muda. Limi akaweka simu juu ya kinu, akabonyeza. Bibi akaanza tangu siku aliyoletwa pale akiwa bibi harusi. Hajafika mbali, yule mtoto wa Kabula akatokea mbio akilia, akajipenyeza katikati yetu, mdomo karibu kabisa na simu, akashitaki kwamba mbuzi amekula mchembe wake.

Limi akanitazama, kidole kimeshafika kwenye kitufe cha kusimamisha. Nikamwambia aiache iendelee, na hilo la mbuzi aliandike.